Afande Aliyetupeleka Mlimani

Afande aliomba macho wazi. Hilo ndilo jambo la kwanza tulilolijua juu yake, sisi watoto wa klabu ya vijana ya kanisa letu pale Jinja, na tulilijua kwa sababu kila aliyefumbua jicho katikati ya sala ili achungulie alikutana na macho yake. Kanisa zima limeinamisha vichwa, mchungaji anaomba kwa sauti, na yeye amesimama mlangoni, mikono nyuma, anatuangalia mmoja mmoja huku akiitikia amina bila kukosea. Siku moja nilimuuliza kama hiyo si dhambi. Hakukasirika.

"Mimi nilichunga wafungwa siku mingi," akasema. "Ukifunga macho mbele ya watu mia, Mungu anakuona, sawa. Lakini hao watu pia wanakuona."

Alikuwa askari jela mstaafu, mwanamke mrefu wa kutoka kaskazini, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kubeba. Wanawake wa kanisani walijaribu kumwita maama kama wanavyowaita wenzao wa umri ule. Hakugeuka. Ukisema Afande, aligeuka hata akiwa ng'ambo ya barabara na malori yanapita. Mwishoni hata mchungaji alimwita Afande, na kwenye orodha ya watoa sadaka karani aliandika hivyo hivyo, Afande, bila jina la pili.

Kwa mtu aliyeishi na funguo kiunoni, nyumba yake ilikuwa kichekesho. Haikuwa na kufuli. Mlango aliuzuia kwa jiwe, tena jiwe lenyewe dogo, la kuzuia kuku. Majirani walimwonya kwamba Jinja ina wezi, naye akawaambia kwamba amefunga milango ya kutosha, sasa wafunge wengine. Kweli mwizi akaja akachukua redio. Jumapili iliyofuata Afande alisimama kanisani akamwombea mwizi, halafu katikati ya maombi hasira ikampanda akamtukana, halafu akamwomba Mungu msamaha kwa kumtukana. Yote hayo kwa pumzi moja. Jiwe lilibaki pale pale.

Alikuwa na tabia ya kuhesabu watu. Kabla ya lori la kambi ya likizo kuondoka, "Hesabu!" Tukishuka, "Hesabu!" Tukitoka mtoni, kabla ya uji, baada ya uji, hesabu. Asubuhi moja kambini alihesabu akapata mtu mmoja zaidi. Akarudia mara tatu, uso umemkunjamana, mpaka akagundua kwamba mzee mmoja wa kijijini, akitoka sokoni, alikuwa amejipanga kwenye mstari wetu wa uji, kikombe chake mkononi, ametulia tuli. Afande alimtazama, akaitazama sufuria. "Basi," akasema, "leo sisi iko ishirini na sita." Mzee akapewa uji, na alipotaka kuondoka bila kuosha kikombe akarudishwa.

Kusifu hakujua. Niseme ukweli, jambo hili liliniudhi kwa miaka. Ungepika posho, ugali wa kwetu, ikaiva vizuri, laini, bila donge hata moja, yeye angeonja, angetafuna taratibu akitazama mbali, kisha angesema, "Haijaharibika." Hiyo ndiyo ilikuwa nishani. Nimewahi kulia kwa sababu ya neno hilo, kwa kuwa siku hiyo nilitaka jingine.

Na aliogopa vyura! Mtu aliyewahi kuingia peke yake katika chumba cha wafungwa wanaopigana, kwa fimbo na filimbi tu, aliogopa chura kama mtoto anavyoogopa sindano. Milimani vyura ni wengi, na buti huwa ni nyumba nzuri. Kila asubuhi alikuwa na mtu wa kumkung'utia buti, na kazi hiyo tuliigombania. Mara ya kwanza tulipomwona amepanda juu ya jerikeni akipiga kelele, tulicheka hadi tukakaa chini. Alitutuma kuni sote, hata waliocheka kwa siri. Kesho yake, wakati wa chai, alianza kucheka mwenyewe bila mtu kusema kitu, akacheka mpaka chai ikammwagikia.

Nimetaja hayo ili mjue ni mtu wa namna gani niliyempenda. Sasa niseme alichokifanya.

Klabu yetu ilikuwa ikienda kambini kila likizo ya Desemba, kwenye miteremko ya Wanale, juu ya mji wa Mbale. Walikwenda wavulana tu. Wasichana tulibaki Jinja tukiwakaangia mandazi ya safari, kisha wakirudi tulisikiliza hadithi zao za ukungu na maporomoko ya maji, tukiambiwa hatuwezi kuelewa. Afande alipostaafu na kupewa kazi ya kuisaidia klabu, alikwenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa akauliza swali moja.

"Wasichana ni mgonjwa?"

Mkuu wa wazee, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa tai na mwavuli hata siku ya jua, alimjibu kwamba binti halali porini, na kwamba mzazi mwenye akili hatamtoa. Afande akasema nyumba ni kitu ya juzi, Mungu alianza na nje. Walibishana kwa vikao vinne. Mwisho mkuu wa wazee alikubali, lakini akafunga jambo lenyewe kwa sharti, nalo likasomwa mbele ya kanisa: wasichana wataenda mara moja. Akirudi mmoja tu kabla ya siku ya nne, habari ya wasichana kambini imekwisha, isiletwe tena kikaoni.

Wazazi waliokubali walikuwa wa wasichana sita. Mimi nilikuwa mmoja, na kati ya hao sita mimi ndiye niliyekuwa mwoga. Ninalisema bila aibu. Niliogopa giza, ng'ombe, maji ya baridi na wavulana wakubwa, kwa mpangilio huo.

Baba yangu hakutaka. Yeye ni mkulima wa mahindi wa Buwenge, na mimi niliishi Jinja kwa shangazi yangu kwa ajili ya shule. Afande alimfuata Buwenge siku ya soko, akamkuta kwenye magunia yake, akamsalimu kwa Kiswahili kwa kuwa Kisoga hakijui. Baba alimgeuzia mgongo akaendelea kufunga magunia. Kiswahili yeye alikijua kwa wanajeshi wa ujana wake. Walifika nyumbani kwao wakachukua kuku, wakachukua baiskeli ya kaka yake, na maneno waliyomwachia ni mawili: lala chini. Tangu hapo lugha hiyo haikuingia nyumbani kwetu. Shangazi ndiye aliyeomba mpaka baba akakubali, lakini baba akaniambia kwa Kisoga, "Nikisikia lolote la jeshi, nakuja kukuchukua siku hiyo hiyo."

Afande hakutumia Kiswahili kwa ukaidi. Klabu yetu ilikuwa na Wasoga, Waiteso, Waacholi wa kambi ya polisi, Wagisu, na Wanubi wawili wa mama aliyeolewa na Mkristo. Angeongea lugha gani nyingine? Kiswahili kilikuwa cha kila mtu kwa kuwa hakikuwa cha yeyote, na tulikivunja kwa usawa. Alikuwa na sheria kwamba kwenye chakula hakuna lugha ya nyumbani, ili asiwepo mtu anayecheka peke yake na mwenzake.

Siku ya kwanza kambini nilitaka kurudi. Mvua ilinyesha mchana kutwa, udongo mwekundu ukawa sabuni, nikaanguka mara tano. Nilimwendea Afande nikilia, nikamwomba ampigie baba simu. Wasichana wenzangu watano walinitazama, na macho yao yalikuwa na chuki, maana sote tulilijua lile sharti. Afande alitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Nitapiga kesho jioni," akasema. "Wewe ukitaka bado. Leo leta kuni."

Hakunikemea wala hakunibembeleza. Baadaye alinituma nikung'ute buti zake, na nikaona vyura wawili, nikawatoa kwa mikono yangu, mimi mwoga. Nililala nikiwa na hasira naye kidogo tu.

Asubuhi ya siku ya pili alitutoa kwa mbio. Hapa ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni lake hasa, la mtu aliyeishi maisha yake yote kwenye kambi za serikali. Alitupanga mistari mitatu, wengi wetu tumevaa buti, ukungu umeshuka hadi magotini, tukakimbia tukishuka njia ya kijijini tukiitikia kwa nguvu.

"Nani mkubwa?"

"Yesu!"

"Nani nakimbia?"

"Shetani!"

Kwetu ulikuwa wimbo. Lakini wanawake waliokuwa wakipalilia vitunguu chini yetu hawakusikia Yesu. Walisikia vishindo vya buti ndani ya ukungu na sauti ya amri kwa Kiswahili. Walitupa majembe, wakabeba watoto, wakakimbia. Sisi tulipofika hapakuwa na mtu, majembe tu na kanga moja imenasa kwenye mti wa kahawa. Na kijijini mtu mmoja alishapiga simu Mbale, wa Mbale akapiga Jinja, na kabla ya saa nne habari ilikuwa Buwenge, imenenepa njiani: watoto wa klabu wamechukuliwa na jeshi.

Baadaye niliambiwa kwamba wazazi wa wavulana walisema watawasubiri warudi. Wazazi wetu wasichana walikodi teksi, basi dogo la abiria, na mkuu wa wazee akapanda nao akiwa na mwavuli wake.

Afande alisimama kwenye lile shamba tupu akiangalia majembe. Sijapata kumwona vile. Alijua kilichotokea kabla yetu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepiga mtoto wa mwenzake kwa bahati mbaya. Alikaa chini kwenye tope akavua buti, akavua jaketi lake la kijani. Akatuita sisi wasichana, akawarudisha wavulana kambini, akatuambia tuvue viatu. Tukashuka hadi nyumba za kijiji pekupeku, tukapiga magoti mlangoni kwa mwenyekiti wa kijiji, na Afande, mwenye magoti yaliyokwisha kuanza kumsumbua, akapiga magoti pamoja nasi.

"Mulembe," akasema, salamu pekee ya Kigisu aliyoijua, kisha Kiswahili chake kikafuata. "Cheamani, mimi nimekosa. Nilileta watoto kuimba, nikawaimbisha kama jeshi. Hii si makosa ya watoto. Sisi tutamaliza kupalilia."

Mwenyekiti alitutazama, wasichana sita wenye matope hadi usoni, akaanza kutetemeka mabega. Alikuwa anacheka. Lakini wanawake hawakucheka upesi, na walikuwa na haki yao. Mmoja alisema ameangusha mtoto akikimbia. Afande akaomba amwone mtoto, akamkagua mguu, akaufunga kitambaa, akambeba mgongoni mwenyewe mpaka shambani.

Tulipalilia vitunguu vyote vya mteremko ule. Wavulana waliitwa wakaja, wakapewa kazi ya kuteka maji na kupika. Wanawake wa kijiji walisimama pembeni kwanza, kisha wakaja kutuonyesha jinsi tunavyoharibu, kisha wakachukua majembe yao. Kufikia saa nane mmoja alishaleta malewa, yale machipukizi ya mianzi ya kwao, ya kuchanganya na karanga, tukakaa kusubiri sufuria.

Hapo ndipo wazazi walipofika. Teksi ilikuwa imekwama chini, wamepanda kwa miguu, na baba yangu alikuwa amevaa viatu vyake vya Jumapili. Mkuu wa wazee alianguka angalau mara moja, suruali yake ilishuhudia. Hawakuona jeshi. Waliona binti zao wenye majembe katikati ya wanawake wasiowajua, na mwanamke mrefu pekupeku mwenye mtoto mgongoni.

"Wasichana," mkuu wa wazee akasema akihema, "kusanyeni vitu. Tunarudi."

Sote tulimgeukia Afande. Nilingoja apige kelele, nilingoja ile sauti yake ya gereza. Yeye alimshusha yule mtoto taratibu.

"Mimi si jela tena," akasema. "Hapa geti hakuna. Waulizeni wenyewe."

Kisha akanyamaza, na naapa kuwa kunyamaza kule kulimgharimu kuliko magoti. Mambo yake yote ya vikao vinne yalikuwa juu ya midomo yetu, na wa kwanza kuulizwa nilikuwa mimi, kwa sababu baba yangu alikuwa mbele.

"Twende," akaniambia kwa Kisoga. "Nilikwambia nitakuja."

Nilikuwa nimeshika mwiko wa kukorogea malewa. Jana yake ningemrukia shingoni. Niliwaona wale watano wananitazama, lakini si wao walioniamulia, wala si Afande. Nilitazama mistari ya vitunguu niliyoipalilia, nikahisi njaa, na nikajua kwamba nataka kula hapa, na watu hawa. Chakula kilikuwa tayari, na kwenye chakula tulikuwa na sheria. Nikamjibu kwa Kiswahili, lugha aliyoichukia.

"Taata, karibu chakula. Nawa mikono kwanza. Mimi narudi siku ya nne."

Baba alisimama pale pale. Aliangalia mwiko, akanitazama miguu, akatazama juu kwenye mwamba ambako maji yalikuwa yakianguka. Nadhani alikuwa akingoja sehemu ya pili ya sentensi, ile inayoanza kwa lala. Haikuja. Alitoa kitambaa akajifuta uso, na alipozungumza, alizungumza Kiswahili, nami sikuwahi kukisikia kinywani mwake.

"Maji iko wapi?"

Msichana mmoja akamletea birika. Alinawa polepole, hadi viwiko, kisha akamgeukia mkuu wa wazee. "Mwalimu, nawe nawa. Hawa hawaendi popote."

Walikula wakashiba, na mkuu wa wazee aliongezewa malewa mara mbili. Teksi ikarudi Jinja jioni na wazazi peke yao. Wasichana watano wengine nao waliulizwa mmoja mmoja, wote wakasema siku ya nne, na wa mwisho alilisema huku anatafuna. Siku ya nne tulirudi sita, wachafu kupita kiasi, tukiimba lorini kwa sauti zilizokwisha kukauka. Jumapili mkuu wa wazee alisimama akatangaza kwamba sharti limetimizwa. Alitaka kuongeza mengine, lakini kanisa lilikuwa limeshalipuka kwa vigelegele, akakaa. Nilimtafuta Afande kwa macho. Alikuwa mlangoni, mikono nyuma, na machozi yakimtiririka hadharani kama mtu ambaye hajui kuwa yanaonekana.

Mimi sasa ni mtu mzima, nimeolewa Mbale, nina duka la jumla la vyombo, na kambi ya Desemba naiongoza mimi pamoja na wenzangu wawili kati ya wale sita. Afande naye alihamia Mbale, kwenye chumba kimoja kule upande wa viwanda, karibu na kinu cha mahindi, kwa sababu alisema anataka kuuona mlima akiamka. Magoti yamekwisha kabisa. Kwa miaka mitatu alikataa kupanda nasi. Alisema kambi haina kazi ya kubeba wazee.

Desemba iliyopita sikumuuliza. Nilimpelekea bodaboda mlangoni, na wasichana wanne wakubwa wakangoja pale barabara inapoishia wakiwa na kiti cha plastiki kilichofungwa kwenye miti miwili. Alitukana njia nzima. Alisema wanambeba vibaya, alisema wa kushoto anatembea kama bata. Walimfikisha, wakamweka mahali palipo tambarare, wakamfunika blanketi magotini, kisha wakaenda kazini kwao bila kungoja shukrani.

Alikaa akitazama. Kambi nzima ilikuwa mbele yake, wasichana wengi kuliko wavulana, wakisimamisha mahema, wakipiga vigingi, wakigombana juu ya kamba. Nilitaka aone mwenyewe, na nilijivuna, sitaficha.

Msichana wa miaka kumi na mmoja hivi, mpya, alikuwa amekaa karibu yake akimenya viazi. Nikamwambia huyu ndiye aliyewaleta wasichana kambini mara ya kwanza, kwamba zamani walikuja wavulana tu. Mtoto aliacha kumenya. Alinitazama mimi, akamtazama Afande, akawatazama wavulana wawili waliokuwa wamejizungushia turubai na kupotea ndani yake.

"Wavulana tu?"

"Tu," Afande akasema.

"Hiyo ni uongo, Afande."

"Ni kweli kabisa."

Mtoto alifikiri sana, kisu kimesimama hewani. "Sasa nani alikuwa anasimamisha hema?"

Afande alifungua mdomo. Vikao vinne, sharti, teksi, yote aliyoyapigania yalikuwa tayari ulimini, na nilimwona akiyatazama na kuyaacha yapite, kwa kuwa mbele yake alikaa mtu ambaye hayakumhusu tena. Uso wote ukamfunguka.

"Ilikuwa inaanguka," akasema, na mtoto akaitikia kwa kichwa kwamba hapo ameelewa, akarudi kwenye viazi vyake.